Krismasi Njema kutoka Winnipeg

Shikamooni wazee wangu. Wadogo zangu, hamjambo? Krismasi ndiyo hii imetufikia tena. Huku theluji imefika magotini, na jirani yangu, bibi mwenye asili ya Poland, ameshanikataza kupika: mkesha nikale kwake. Kwao usiku huo meza huwekwa sahani moja ya ziada na kiti chake, kwa mgeni asiyetarajiwa. Mwaka jana nilikaa ubavuni mwa kiti hicho, na aliyenijia moyoni ni kijana wa mji huu huu, Andrew Mynarski.

Wazazi wake walihamia huku kutoka Poland. Baba yake alifariki Andrew akiwa na miaka 16, naye Andrew akaenda kukata ngozi kwa mtengeneza makoti ya manyoya ili nyumbani wapate kula. Vita vikaja, akaingia Jeshi la Anga la Kanada.

Usiku wa kuamkia 13 Juni 1944, ndege yao ya mabomu aina ya Lancaster ilikuwa njiani kwenda kupiga reli za Cambrai, Ufaransa, ikashambuliwa na ndege ya Wajerumani. Injini mbili za kushoto zikazimika, moto ukawaka, rubani akaamuru watu waruke. Mynarski alikuwa ameshafika mlangoni alipomwona rafiki yake, Pat Brophy, amenasa ndani ya kibanda cha bunduki mkiani. Akatambaa katikati ya moto. Akapiga shoka, wapi! Akavuta kwa mikono mitupu, nguo na mwavuli wake wa kurukia vikiwaka. Brophy akampungia: nenda, jiokoe.

Akarudi kinyumenyume, hakumpa mwenzake mgongo. Mlangoni akasimama wima, akapiga saluti, midomo ikacheza. Sauti haikufika, ila Brophy aliyajua maneno: "Usiku mwema, bwana." Ndivyo walivyozoea kuagana kwa utani, kwa kuwa Brophy alimtangulia cheo. Kisha akaruka.

Mtu haondoki bila kuaga, ndivyo tulivyolelewa. Lakini kuaga ukiwa unaungua? Hapo huwa nashindwa kuendelea kusimulia.

Ndege ilipoanguka, kibanda kile kiling'oka na Brophy akatoka hai. Wenzake wote sita walipona. Mynarski, aliyejaribu kuokoa, alikufa kwa majeraha ya moto, na miaka 27 tu. Ushuhuda wa Brophy ndio uliomletea Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, mwaka 1946. Amelala makaburini mwa kijiji cha Méharicourt, karibu na Amiens, mbali na theluji ya kwao. Vijana wa Kamandi ya Mabomu ya Uingereza, waliyoitumikia, waliokufa walizidi 55,000, na chini walikopiga walikufa raia wengi, watoto kwa wazee. Wote hao nyumbani kwao palibaki kiti.

Mwaka huu nitamwashia mshumaa. Nanyi mkiwa mezani, pilau likipakuliwa, mtajeni na marehemu wetu wa mwaka huu. Nafasi ya Babu pale karibu na mlango msiijaze haraka.

Krismasi njema na heri ya mwaka mpya. Mama, nitapiga simu mkitoka kanisani.