Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuhuisha Mafunzo ya Uhandisi kwa Kazi Zinazobadilika

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha walimu wa uhandisi, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka uliomalizika. Masuala ya fedha na uanachama yamo katika taarifa za Mweka Hazina na Katibu ambazo mmekwisha kugawiwa, hivyo sitayarudia. Nitajikita katika jambo lililochukua sehemu kubwa ya vikao vyetu, yaani namna ya kuhuisha mafunzo ya uhandisi ili mhitimu aimudu kazi ambayo huenda ikabadilika mara kadhaa kabla hajastaafu.

Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzishwa mwaka 1973, kilianza na fani za ujenzi, mitambo na umeme. Mgawanyo huo uliendana na ajira za wakati ule, ambapo mhitimu alipokelewa na wizara au shirika la umma na mara nyingi akabaki katika fani yake hadi mwisho wa utumishi. Leo tunayo treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Tuta na madaraja yake ni kazi ya mhandisi ujenzi, nyaya zake za kilovolti 25 ni za mhandisi umeme, na mwendo wake unaongozwa kwa programu za kompyuta na mawasiliano ya redio. Hitilafu ikitokea usiku, anayehitajika ni mtu anayeweza kuzungumza na wenzake wa fani zote hizo na kuelewana nao.

Vyuo vingi vimeitikia mabadiliko haya kwa kuongeza masomo: uchambuzi wa data, akili unde, ujasiriamali. Kamati yetu ya Mitaala imepitia mitaala iliyoletwa na wanachama, na maoni yake, ambayo nayaunga mkono kikamilifu, ni kwamba ratiba imejaa kiasi cha kumnyima mwanafunzi muda wa kukaa na mashine moja hadi aielewe. Hesabu, mekanika na thermodinamiki zibaki, kwa kuwa ndizo atakazozitegemea teknolojia ya leo itakapokwisha kupitwa na wakati. Kinachopaswa kupunguzwa ni mihadhara inayorudia yaliyomo kitabuni.

Jaribio letu kubwa la mwaka lilikuwa mradi wa pamoja wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho kutoka fani tofauti, na nitalieleza kwa kirefu kidogo. Katika kijiji kimoja mkoani Singida, pampu ya sola iliyofungwa kwenye kisima kirefu ilikuwa ikizima yenyewe kila siku karibu na saa sita mchana, kisha inawaka tena alasiri. Wanafunzi wa umeme walikwenda wakiamini kwamba kasoro iko kwenye paneli, wakapima volti na mkondo, wakakuta kila kitu kiko sawa. Mwenzao wa uhandisi wa maji alipotumbukiza utepe wa kupimia kina, ndipo ilipobainika kwamba jua likiwa kali pampu huvuta maji kwa kasi kuliko kisima kinavyojaa, maji hushuka chini ya kihisi kinachotambua kina cha maji, na kidhibiti huzima mota ili isizunguke bila maji. Suluhisho lilikuwa kupunguza kasi ya juu ya mota ili isukume taratibu mchana kutwa. Kazi ngumu zaidi ilifuata, maana mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji alitaka kujua kwa nini pampu waliyoichangia ipunguzwe nguvu, na vijana walilazimika kumjibu kwa Kiswahili cha kawaida, kwa kulinganisha maji yaliyoingia tangini kabla na baada ya marekebisho.

Mradi huo ulikwama mahali ambapo hatukupatarajia. Kanuni za mitihani zilimtaka kila mwanafunzi awasilishe ripoti katika idara yake, kwa hiyo pampu moja ikaandikiwa ripoti tatu, kila moja ikieleza kipande chake, na mazungumzo na wanakijiji hayakupewa alama popote. Naamini mageuzi ya mitaala yatashindwa iwapo kanuni za namna hii hazitaguswa.

Kuhusu mafunzo kwa vitendo, wanachama wameendelea kuripoti kwamba wapo wanafunzi wanaomaliza kipindi chote wakibeba mafaili, na daftari la kumbukumbu linasainiwa siku ya mwisho. Tumependekeza mwanafunzi apelekwe akiwa na swali la kiufundi lililokubaliwa mapema na mwenyeji wake. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inaendesha tangu mwaka 2003 mpango wa miaka mitatu wa kumlea mhandisi mhitimu chini ya usimamizi, na ni haki ya kijana kuufikia akiwa amekwisha kuonja kazi halisi.

Vifaa navyo vinakuja. Mradi wa HEET, yaani Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, unajenga maabara na kuhuisha mitaala katika vyuo vikuu vya umma. Wasiwasi wangu ni mafundi sanifu wa maabara, ambao ajira na mafunzo yao husahaulika mashine zinaponunuliwa, na wahadhiri, ambao hupandishwa vyeo kwa makala walizochapisha huku mwaka mzima waliofanya kazi kiwandani ukihesabika kidogo mno. Hatuwezi kumwandaa mwanafunzi kwa kazi ambayo sisi wenyewe tumekaa mbali nayo kwa muda mrefu.

Kamati ya Utendaji inauomba mkutano huu uridhie mambo mawili: kwanza, kuviandikia vyuo na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kupendekeza kanuni zinazoruhusu ripoti moja ya mradi wa pamoja, yenye alama za mawasiliano na jamii, pili, kuanzisha utaratibu wa wanachama kupokelewa viwandani na katika miradi wakati wa likizo ndefu, ambao rasimu yake imeambatishwa. Nawashukuru wajumbe wa kamati zote, pamoja na mafundi na wakandarasi waliowapokea wanafunzi wetu bila malipo yoyote.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti