Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka jana walimu wa michezo tulikubaliana kujaribu jambo moja tu: watoto wa darasa la tatu hadi la tano wabuni wenyewe mfululizo wa jimnastiki, wawili wawili. Naomba nianze na lililotushinda.

Muhula wa kwanza tuliharibu. Wengi wetu tumekulia kwenye halaiki. Tumesimama juani tukijiandaa kwa sherehe za Uhuru za 9 Desemba, filimbi inalia, watoto wote wanainua mkono mmoja kwa hesabu ya nane. Halaiki ina uzuri wake na sitaibeza hapa, ila tuliingia nayo darasani. Tulionyesha mfululizo, jozi zikauiga, na siku ya maonyesho tukatazama kitu kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Mgeni wetu mmoja alisinzia. Sikumlaumu.

Muhula wa pili tukawapa masharti badala ya mfano: mkao wa kuanzia, mikao miwili ya kusimamisha mwili bila kuyumba, mbingiriko mmoja, mruko mmoja, mkao wa kumalizia. Mpangilio ni wao, na namna ya kutoka kitendo kimoja kuingia kingine ni yao. Pia wachague: watafanya kwa pamoja, watapokezana, au mmoja atakuwa kioo cha mwenzake?

Shuleni kwangu niliwatazama wasichana wawili wa darasa la nne, mmoja mrefu, mwingine anamfika kifuani. Walitaka kioo. Kila mrefu akimaliza kubingirika, mwenzake bado yuko njiani. Wakagombana, wakanuniana. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niwape jibu, nikaufunga. Baada ya kitambo yule mfupi akasema, "Basi wewe bingirika kama gogo, mimi nipige kichwangomba, tukutane katikati." Wakakutana mgongo kwa mgongo, wakapishanisha viwiko, wakainuka kutoka chini bila mkono kugusa sakafu. Hilo sikuwafundisha.

Kuhusu usalama, mtoto mmoja aliteguka mkono. Walikuwa wakivutana huku kila mmoja ameegemea nje, wameshikana vidole vyenye jasho. Tangu hapo tunashikana vifundo vya mikono, basi. Aliyepiga magoti na mikono chini haelemewi kiunoni. Uzito uwe juu ya mabega au nyonga. Hijabu ziwe za kuvaa bila pini, soksi zivuliwe, na kalamu zitoke mfukoni. Nimezikuta nne asubuhi moja.

Msilalamikie nafasi. Sarakasi ya mashindano huchezwa kwenye zulia la mita 12 kwa 12, lakini jozi ya watoto wetu inatosha kwenye mraba wa chaki wa mita 3 kwa 3, jozi nyingine ikitazama na kutaja kitu kimoja ilichokiona. Maandalizi ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, yakianza, uwanja unachukuliwa na mpira na netiboli. Tukahamia chini ya mwembe.

Napendekeza maonyesho yajayo alama nyingi ziende kwenye viungio kati ya vitendo, siyo kwa anayepiga msamba mrefu. Wapo watakaopinga, tutajadili.

Habari za ada mhazini atazieleza, nami sitamharibia. Namshukuru fundi aliyetushonea maturubai ya kufunika magodoro ya sponji kwa bei ya kirafiki. Magodoro mawili yaliyoazimwa mwezi wa saba hayajarudi. Aliye nayo anajijua.