Njiwa Wako Hawajakukimbia

Chumbageni, Tanga

Ndugu yangu Shabani,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Nimesikitika kusikia kwamba wale njiwa wawili uliowalisha wiki 3, siku ulipowafungulia tu wakarudi kwa aliyekuuzia. Usiwakasirikie. Kwao njiwa ni pale alipojifunza kuruka, hata alishwe wapi. Mwaka 1850 Paul Reuter, yule aliyekuja kuanzisha shirika la habari la Reuters, alipotumia njiwa kuleta bei za hisa Aachen, Ujerumani, kutoka Brussels, Ubelgiji, ilibidi kwanza wasafirishwe kwa treni hadi Brussels, kwa sababu banda lao lilikuwa Aachen. Wanaijua njia moja tu, ya kwao.

Ukiwapata tena, wafungie na usiwaachie kabisa. Waache watage. Mayai ni mawili, dume na jike wanalalia kwa zamu, na baada ya siku kama 18 wanaangua. Hao makinda ndio njiwa wako.

Wakifika wiki 4, kabla hawajaruka, waweke mchana kwenye kizimba cha waya juu ya banda, wautazame mtaa: mabati ya jirani, mwembe, nguzo ya umeme. Kila ukiwapa mtama, tikisa mkebe kwanza. Wakishauzoea mlio, wafungulie jioni wakiwa na njaa. Wakiweza kuzunguka na kutua wenyewe, wapeleke kilomita 1, kisha 3, kisha 5, upande ule ule. Chagua asubuhi ya jua, maana jua ndilo dira yao. Njiwa mkubwa hata kukiwa na mawingu hujiongoza kwa sumaku ya dunia, lakini kinda usimjaribu hivyo.

Mimi wangu nilianza nao Pongwe, mwezi uliopita nikawafikisha Muheza. Nilipofungua kapu walipanda, wakazunguka mara mbili, wakanyooka kuelekea baharini. Sita nikawakuta nyumbani. Wa saba, yule wa kijivu mwenye doa jeupe shingoni, hakuonekana. Siku ya tatu, jua linazama, nikasikia kucha juu ya mabati. Mkia umebaki manyoya matatu, nadhani ni mwewe, na kifua kinapanda na kushuka. Nikatikisa mkebe, mkono unanitetemeka. Akaingia mwenyewe, akapita mtama bila kuugusa, akaenda kulala kwenye kishubaka chake.

Mayai yakipatikana niandikie mapema. Nitakuja kukusaidia kufuma kile kizimba, waya ninao.

Wako,
Mbwana