Wanaorekodi muziki tamashani watengewe nafasi na masharti

Mhariri,

Tiketi nyingi za matamasha ya muziki huwa na sentensi ya herufi ndogo inayokataza kurekodi bila idhini, na matamasha yenyewe huonyesha jinsi sentensi hiyo isivyotiiwa. Wimbo unaojulikana unapoanza tu, simu huinuliwa kuanzia mbele ya jukwaa hadi uzioni, na walinzi, ambao hata wangetaka wasingeweza kuzizuia zote, hubaki kutazama. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini naona katazo la namna hiyo halimlindi mwanamuziki, na kwa nini waandaaji wangefanya vyema zaidi kuwatengea mashabiki wanaorekodi sauti mahali maalumu, kwa masharti yaliyoandikwa na kwa ridhaa ya kila msanii anayepanda jukwaani.

Nimeitaja ridhaa kwa makusudi. Wapo wanaodai kwamba aliyelipa kiingilio amenunua pia haki ya kuondoka na alichokisikia, na mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 uliwapa wasanii wa maonyesho uwezo wa kuzuia onyesho lao lisirekodiwe bila wao kukubali, na mkataba mwingine wa kimataifa wa mwaka 1996 ukaitia nguvu haki hiyo. Ni kweli kwamba Mkataba wa Roma huohuo unaziruhusu nchi kuweka msamaha kwa matumizi binafsi, lakini kujisikilizia nyumbani ni jambo moja, na kumwaga onyesho zima mtandaoni kabla mwanamuziki hajafungasha vyombo vyake ni jambo jingine. Wanamuziki wengi huutumia ukumbi kujaribia nyimbo ambazo bado hazijakamilika: ubeti unabadilishwa, kiitikio kinapunguzwa, kasi inatafutwa. Wimbo wa namna hiyo ukisambaa ukiwa mbichi, mwenyewe hunyang'anywa nafasi ya kuumaliza kwa wakati wake. Sauti ikimkauka usiku mmoja, usiku huo ndio utakaosikilizwa na watu ambao hawajawahi kumwona. Hofu hizo ni za haki, na mpango wowote usiozijibu haufai.

Pamoja na hayo, historia ya muziki ina deni kubwa kwa wasikilizaji waliobeba mashine zao. Charlie Christian, mpiga gitaa la umeme wa Marekani aliyefariki mwezi Machi 1942 akiwa na umri wa miaka 25, alirekodiwa studioni katika enzi ambayo upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika 3 tu, kwa hiyo mara nyingi zamu yake ya kupiga peke yake ilikatwa hata kabla haijapamba moto. Mwaka 1941 mwanafunzi wa chuo kikuu aitwaye Jerry Newman aliingia na mashine ya kukatia santuri katika klabu ya Minton's Playhouse, huko Harlem, akamnasa Christian akipiga kwa nafasi, dakika baada ya dakika, bila saa ya studio kumhimiza. Bila santuri hizo tungemjua Christian kwa vipande vifupi. Lakini santuri hizohizo baadaye ziliingizwa sokoni, Christian akiwa amekwisha kufa, na hilo nalo lina somo lake kwa anayeandika masharti.

Mwingine ni Dean Benedetti, ambaye mwaka 1947 na 1948 alimfuata mpuliza saksafoni Charlie Parker kutoka klabu hadi klabu. Alikuwa akiiwasha mashine Parker anapoanza kupuliza na kuizima wenzake wanapoingia, hata rekodi zake zilipotolewa rasmi mwaka 1990 zilisikika kama mazungumzo ya simu yanayosikika upande mmoja. Tunamshukuru kwa alichokihifadhi, ingawa masikio yangu bado yanawalilia wale wapiga piano aliowazima.

Tamashani hoja hiyo huwa nzito zaidi. Majukwaa kadhaa hufanya kazi kwa wakati mmoja, na kamera na mitambo ya kurekodia ya waandaaji, kama ipo, huelekezwa kwenye jukwaa kuu. Kundi changa linalopiga saa tisa alasiri kwenye jukwaa la pembeni, mbele ya watu wachache wanaotafuta kivuli, aghalabu haliachi alama yoyote isipokuwa kile alichorekodi shabiki. Hata pale panapokuwa na rekodi rasmi, mara nyingi huwa imechukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye mitambo ya fundi wa sauti, na rekodi hiyo, kwa usafi wake wote, hupunguza jambo ambalo watu hulifuata tamashani, yaani hadhira yenyewe, jinsi inavyopokea wimbo, inavyoimba kuliko mwimbaji na inavyonyamaza ghafla.

Tatizo ni kwamba rekodi nyingi zinazosambaa leo ni mbovu. Maikrofoni ya simu imeundwa kwa mazungumzo, na mbele ya spika zinazovuka desibeli 100 huzidiwa, besi ikageuka mkwaruzo. Simu nyingi pia hujipandishia na kujishushia kiwango cha sauti zenyewe, hivyo kila pigo la ngoma huuzamisha wimbo na kisha kuuibua. Anayeijua kazi hii hutumia kinasa sauti kidogo chenye maikrofoni mbili, huzivisha kinga ya upepo, huacha nafasi ya kutosha juu ya kiwango cha kawaida ili kelele ya ghafla isiharibu rekodi, kisha hasogei wala kupiga makofi. Hutafuta kusimama karibu na meza ya fundi wa sauti, kwa kuwa fundi husawazisha vyombo kwa kufuata anachokisikia mahali hapo. Mtu huyo hahitaji kioo kinachowaka juu ya vichwa vya watu. Namweka mbali kabisa na anayepiga video kwa mkono ulionyooshwa, ambaye huwaziba wa nyuma yake na mara nyingi hubaki na sekunde 40 za mkwaruzo.

Mpango ninaoupendekeza umekwisha kujaribiwa. Mashabiki wa bendi ya Grateful Dead ya Marekani walikuwa wamejaa mbele ya meza ya fundi na vishikizo vyao virefu vya maikrofoni, na mwaka 1984 bendi ikaanza kuwauzia tiketi za sehemu yao maalumu nyuma ya meza hiyo. Waliruhusiwa kurekodi na kubadilishana kanda, mradi zisiuzwe. Mwaka 2005 bendi hiyo ilitaka rekodi zake ziondolewe katika upakuaji kwenye hazina ya Internet Archive. Mashabiki walipolalamika, zilizorekodiwa na watazamaji zikarudishwa kupakuliwa, na zile zilizotoka kwenye mitambo ya bendi zikabaki za kusikilizwa tu. Mtu anaweza kuubeza uamuzi huo, lakini unaonyesha kwamba ruhusa inaweza kupimwa na kurekebishwa bila kufunga mlango wote.

Kwa hiyo, kila msanii aulizwe anaposaini mkataba wa tamasha kama anaruhusu kurekodiwa na watazamaji, na jibu lake lichapishwe kwenye ratiba pembeni ya jina lake. Awe huru kukubali onyesho lirekodiwe lakini akakataza wimbo mpya usirekodiwe. Mashabiki wanaojiandikisha wapewe eneo jirani na meza ya fundi wa sauti, vishikizo visivuke kimo watakachokubaliana na waandaaji, na nyaya zisilazwe njiani. Wao nao waahidi kutouza, kumpelekea msanii nakala kabla ya kuisambaza, na kuandika tarehe, jukwaa, majina ya wapigaji wote na mfuatano wa nyimbo, kwani faili isiyo na maelezo hayo haiwezi kumsaidia mtafiti wala familia ya mwanamuziki miaka 30 ijayo.

Waandaaji wengine watajibu kwamba rekodi za bure zitapunguza wateja wa rekodi rasmi. Huenda ikawa hivyo kwa jukwaa kuu, na msanii mwenye wasiwasi huo atakataa, kwani mpango wenyewe unamruhusu. Kwa majukwaa madogo, ambako hakuna rekodi rasmi ya kushindana nayo, sioni kinachopotea.

Limebaki suala la anayevunja masharti. Kumfukuza shabiki kiwanjani hakuiondoi rekodi iliyokwisha sambaa. Tamasha lenye orodha ya waliojiandikisha linajua la kumuuliza nani, na linaweza kumnyima nafasi mwaka unaofuata. Msanii naye anahitaji kujua atamwandikia nani akikuta wimbo wake mahali asipoutaka, hivyo jina na anwani ya afisa mmoja wa tamasha anayehusika na malalamiko hayo viwekwe ndani ya mkataba wake, pamoja na idadi ya siku ambazo afisa huyo atakuwa amemjibu.

Wako,
Msikilizaji wa muziki wa jukwaani