Anayeanza mbio Januari asikimbilie kilomita 21

Ndugu Mhariri,

Kila Januari wengi huanza mazoezi wakilenga Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi kati ya mwishoni mwa Februari na mapema Machi. Kwa asiyewahi kukimbia, wiki 8 hazitoshi kwa kilomita 21. Zinatosha kwa kilomita 5, na mbio hizo zipo hapo hapo Moshi.

Siku 3 kwa wiki, zisizofuatana, zinatosha. Wiki ya kwanza tembea haraka dakika 5, kisha kimbia dakika 1 na utembee 2, mara 8. Kila wiki ongeza dakika 1 ya kukimbia na upunguze marudio, jumla isizidi dakika 35. Mwendo uwe wa kukuwezesha kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi.

Wengi huharibu wiki ya tatu. Moyo na mapafu huzoea upesi, lakini mifupa na kano huchelewa sana. Mtu hujiona ana nguvu, anaongeza umbali maradufu, na muundi unaanza kuuma. Yakiwa maumivu ya kuenea, pumzika siku kadhaa. Yakiwa sehemu moja ya mfupa inayouma ukiibonyeza, acha kukimbia umwone daktari.

Wa Dar es Salaam wamalize kabla ya saa 1 asubuhi, maana joto la Januari ni kali mno. Ukikosa siku moja, usiifidie kwa kukimbia mara mbili kesho yake. Endelea na ratiba ilipo.

Mwalimu wa mazoezi,
Dar es Salaam