Nani aliuandika mchezo ule wa Utengano?

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi ni mwigizaji jijini Nairobi. Baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana hali za nyumbani, akaniuliza: “Mwalimu, ule mchezo wa Utengano tuliouona ukumbini tukiwa Kidato cha Tatu, mswada wake ulikuwa wa nani?” Yeye na wenzake wanataka kuuigiza tena. Riwaya yenyewe wanayo. Wanachotafuta ni ule mchezo, jinsi ulivyokatwa na kushonwa upya, kwa sababu anasema hajaona tena riwaya ikisimama jukwaani namna ile.

Nikamwambia asikate simu, nikaenda kulitoa daftari langu kabatini. Nilifundisha Kiswahili katika shule ya wasichana hapa Machakos hadi nilipostaafu, na kila kikundi cha maigizo kilipotujia na kitabu teule, yaani kile cha fasihi kinachotahiniwa, au tulipopanda basi kwenda kuwaona, nilikuwa naandika. Tarehe, mahali, idadi ya wasichana, kiingilio, na maneno machache kuhusu mchezo. Ukurasa wa Utengano nikaupata: Ijumaa, 19 Juni 2009. Ukumbi wetu wa maakuli. Wasichana 214. Waigizaji saba, wanaume wanne na wanawake watatu. Stima ilipotea mara moja, tukafungua madirisha yote wakaendelea.

Jina la aliyeigeuza riwaya kuwa mchezo halimo. Sikuliandika kwa sababu sikuuliza. Limeniuma tangu siku hiyo, ndiyo maana nakuandikia.

Wasomaji waliosoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed watakumbuka usiku ule Bwana Maksuudi anaporejea na kumkuta mkewe Tamima amejifungua kwa msaada wa Farashuu, mwanamke ambaye hakutaka akanyage nyumbani kwake. Anampiga, anamwacha papo hapo. Kitabuni kuna kurasa kadhaa za uchungu wa uzazi, na nilijiuliza vijana hawa watafanyaje mbele ya wasichana wa miaka kumi na sita, mezani pa chakula, huku wapishi wakichungulia dirishani. Walichofanya ni hiki. Waliwaita wasichana wawili wa Kidato cha Pili, wakawapa leso washike huku na huku kama pazia. Nyuma ya leso hatukuona kitu. Tulisikia sauti ya Farashuu peke yake, ya chini, ikimtuliza mwenzake, kisha kimya, kisha kilio cha mtoto ambacho mwigizaji mmoja alikitoa kwa kinywa chake. Leso ikashushwa. Maksuudi alikuwa amekwisha kusimama pale, na hakuna aliyemwona akiingia.

Kisha Tamima akatoka. Hakupitia mlango wa pembeni waliokuwa wakiutumia muda wote. Alipita katikati yetu, baina ya meza, taratibu, akiwaangalia wasichana usoni mmoja mmoja hadi akafika mlango mkubwa, akaenda zake. Dakika nzima hakuna aliyekohoa. Dirishani mpishi wetu mmoja alikuwa anajifuta macho kwa aproni.

Huko kutoka hakumo kitabuni. Mtu alikaa chini akakufikiria. Mtu aliamua kwamba uzazi usikiwe tu na usionekane, na kwamba aliyeachwa apite mikononi mwa wasichana ambao kesho wataolewa. Huo ni utunzi, Mhariri, sawasawa na utunzi wa beti, na mtunzi wake hatumjui.

Nimelipitia daftari lote. Kuna onyesho la Siku Njema ya Ken Walibora, ambalo tarehe yake haisomeki kwa sababu ukurasa ulilowa maji. Kazi ile ilikuwa ngumu zaidi, maana riwaya yote inasimuliwa na Kongowea mwenyewe kwa “mimi”. Utamwigizaje mtu ambaye ni mhusika na papo hapo ni msimulizi? Kikundi kile kiliwaweka Kongowea wawili. Mmoja mtu mzima, ameketi juu ya sanduku pembeni akitusimulia, na mwingine kijana, akiyaishi yale yanayosimuliwa. Mara moja tu walikutana macho, alipokufa Zainabu Makame, mama yao, yule mwimbaji wa taarabu. Mtu mzima akainuka, akamwachia kijana sanduku akae. Nimeandika pembeni kwa kalamu nyekundu: “Vizuri sana.” Jina la mwelekezi sikuandika, na kwenye tikiti niliyoibandika hapo chini kuna jina la kitabu, saa, na bei basi. Hata la Walibora halimo.

Halafu kuna Kidagaa Kimemwozea, Jumamosi, 15 Machi 2014. Siku hiyo shule kadhaa tulikutana katika ukumbi mmoja mjini. Walioisoma riwaya hiyo wanajua kwamba Amani ameandika mswada, na Mwalimu Majisifu anauiba na kuuchapisha kwa jina lake. Ni kitabu kinachohusu, pamoja na mengine, mtu kunyang’anywa jina lake juu ya kazi yake. Onyesho lilipokwisha, wakati wa maswali, msichana wangu mmoja akainua mkono akauliza, “Na huu mchezo wenyewe umeandikwa na nani?” Kiongozi wa kikundi akajibu, “Na sisi sote.” Ukumbi ukapiga makofi, nami nikapiga.

Sitaki kumdharau kijana yule. Najua vikundi hivi vinavyofanya kazi. Mara nyingi hawana mswada kamili. Wanasoma riwaya pamoja, wanagawana sura, mmoja anajaribu hivi, mwingine anamrekebisha, na baada ya wiki tatu mchezo umepatikana. Wanasafiri kwa matatu na maleba yao ndani ya gunia, shule mbili kwa siku, na mwalimu mkuu mwingine anawalipa nusu. Wakifika kwako wana njaa. Lakini “sisi sote” ni watu, na watu wana majina. Walikuwa wanane siku ile. Majina manane yanaenea kwenye nusu ya ukurasa.

Wale wanaosema mchezo uliotungwa na wengi hauwezi kuwa na majina, nawakumbusha Kamirithu, kule Limuru. Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kigĩkũyũ, uliandikwa na Ngũgĩ wa Thiong’o na Ngũgĩ wa Mirii, na wanakijiji wakausahihisha mazoezini, wakaongeza nyimbo na maneno, wakajijengea wenyewe jukwaa la wazi la watu elfu mbili. Aliyeuelekeza ni Kĩmani Gecaũ. Ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977, na tarehe 16 Novemba mwaka huohuo kibali kikafutwa. Yote hayo tunayajua. Serikali ya wakati ule ilimweka Ngũgĩ wa Thiong’o kizuizini, na mwaka 1982 ikalibomoa jukwaa lenyewe, lakini mswada na majina vilikuwa vimeshahifadhiwa. Kwa hiyo mwaka 2022, baada ya miaka 45, mchezo ule uliweza kurudi na kusimama katika Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza, Nairobi. Mchezo uliopigwa marufuku umerudi. Wa kwetu wa ukumbi wa maakuli, ambao hakuna aliyeupiga marufuku, hauwezi kurudi.

Nitoe mfano mwingine, wa mbali kidogo. Kule Chicago, Marekani, kuna kampuni ya maigizo iitwayo Steppenwolf. Mwaka 1988 ilionyesha mchezo uliotokana na riwaya ya John Steinbeck, The Grapes of Wrath, iliyochapishwa 1939. Aliyeigeuza riwaya ile nene kuwa mchezo, na kuuelekeza, ni Frank Galati. Mwaka 1990 mchezo ukafika New York ukapata Tuzo ya Tony ya mchezo bora. Jina la Galati liliandikwa kando ya la Steinbeck, na mswada wake ukachapishwa, hivi kwamba wengine waliotaka kuigiza riwaya ile hawakulazimika kuanza sifuri. Wakaanzia pale yeye alipofika. Vikundi vyetu huanza sifuri kila mara. Kitabu kinapotolewa kwenye mtaala, maarifa yote ya jukwaani yanatupwa pamoja nacho. Yule mwenye hila ya leso hakumwachia mtu.

Hata Kiswahili chenyewe kimehifadhiwa vizuri zaidi ugenini. Aprili 2012, jumba la Globe la London lilialika tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, na Kiswahili kikapewa The Merry Wives of Windsor. Kikundi kilitoka Nairobi. Aliyetafsiri ni Joshua Ogutu, naye aliigiza pia; Falstaff, yule anayewatongoza wake wawili wa watu, alikuwa Mrisho Mpoto wa Tanzania; Lydiah Gitachu alikuwa mmoja wa wanawake hao wawili. Mimi sikufika London, lakini naweza kukutajia nani alikuwa nani. Onyesho la ukumbi wetu wa maakuli nililiona kwa macho yangu, hatua nne kutoka nilipokaa, na siwezi kukutajia hata mmoja.

Tena kuna suala la haki. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaihesabu kazi ya kugeuza kitabu kuwa kitu kingine kuwa miongoni mwa mambo yanayohitaji idhini ya mwenye haki, na haki hiyo hudumu miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Walibora alitutoka Aprili 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, na hapakuwa na ukumbi wowote wa wanafunzi ambamo angeombolezwa kwa mchezo wake. Riwaya zake zitabaki chini ya sheria hiyo hadi mwisho wa 2070. Vikundi vingapi vimewahi kuomba idhini sitasema. Ninachojua ni kwamba mabango niliyoyaweka ni kumi na moja, na jina la mwandishi wa riwaya limo katika manne.

Ninachoomba si kikubwa. Bango la onyesho libebe jina la aliyeandika riwaya na jina la aliyeitengenezea jukwaa, hata kama ni majina manane. Mswada, uwe wa kupigwa chapa au wa mkono, utolewe nakala ipelekwe Kituo cha Utamaduni cha Kenya, ambacho ndicho kinachosimamia ule Ukumbi wa Kitaifa uliofunguliwa mwaka 1952, nacho kiwe na kabati la kuiweka. Pale ndipo mahali pake. Na nyinyi wa gazeti hili, ambao mmetusomesha Kiswahili vizazi na vizazi, tengeni pembe ndogo mara moja kwa mwezi: kikundi gani kimeigiza nini, wapi, nani alielekeza. Hata mistari kumi ingetosha. Walimu wenzangu mlioko kazini, mnapowapeleka watoto, kabla basi halijaondoka ulizeni majina. Mimi nilihesabu wasichana kwa makini nisimsahau mmoja njiani, na hilo lilinitosha.

Nasema haya sasa kwa sababu mfumo wetu wa elimu wa 8-4-4 uko ukingoni, na vitabu vyake teule vinakwenda nao. Kwa maelfu ya watoto wa nchi hii, mchezo wa kitabu teule ndio ulikuwa tamthilia ya kwanza kuiona kwa macho, na kwa wengi ikawa ya mwisho. Wasichana wangu wengi hawakuwa wamewahi kuketi katika jumba la maigizo. Jukwaa lao lilikuwa nafasi baina ya meza za githeri. Waliowaletea riwaya pale miaka yote hiyo bado wako hai wengi wao, wanakumbuka, na wanaweza kuulizwa.

Nami naanza kuuliza. Ile leso iliyotumika kama pazia ilikuwa yangu, nyekundu na nyeusi, niliivua mabegani nikawapa walipokosa kitambaa. Jioni ile walipofungasha waliichukua pamoja na maleba yao bila kujua. Baada ya siku nne ikaletwa getini na utingo wa matatu, imefuliwa, imepigwa pasi, na ndani ya mikunjo yake mna kipande cha karatasi kimeandikwa: “Asante Mwalimu. Tutarudi na Kifo Kisimani.” Hawakurudi. Karatasi ninayo, nimeibandika kwenye ukurasa wa tarehe 19 Juni. Wino ni wa buluu, mwandiko umelalia kushoto, na herufi ya T imekatwa kwa mstari mrefu unaofunika neno zima. Kama mwandiko huo ni wako, au unamjua mwenyewe, niandikie kupitia kwa Mhariri. Kuna kijana Nairobi anakusubiri.

Mwalimu mstaafu,
Machakos