Ile noti yako ya dola 7

Ndugu yangu Othman,

Ama baada ya salamu, picha zako zimenifika na nimezitazama mpaka macho yamewasha. Sitakuzungusha: hiyo si noti ya 1776, ya makoloni ya Marekani yalipopigana na Mwingereza. Ni nakala ya ukumbusho, zimejaa kwenye maduka ya zawadi huku, karatasi ngumu ya manjano inayolia ukiikunja. Aliyekupa huenda naye hakujua, basi usigombane naye.

Kilichoiumbua ni sahihi. Noti za Kongresi, baraza la makoloni hayo, zile za kuanzia dola 1 zilizotolewa 1775 mpaka 1779, zilitiwa sahihi na watu wawili kwa mkono, aghalabu mmoja kwa wino mwekundu na mwenzake kwa wino wa kahawia, na namba nayo ikaandikwa kwa kalamu ya unyoya. Kwenye yako vyote vina rangi moja, vimepigwa chapa pamoja na maneno mengine. Halafu karatasi. Ile ya kweli ni ya matambara, ikatiwa nyuzi za buluu na vipande vya ulanga, yale madini yanayong'aa. Ukiigeuzageuza juani inametameta kama magamba ya dagaa.

Mimi ninayo ya dola 3. Mbele ina tai amemvamia korongo, na korongo, chali vile alivyo, amemchoma tai kwa domo lake. Chini yao maneno ya Kilatini yanasema kwamba mwisho wake haujulikani. Hebu fikiri, serikali inaingia vitani na Mwingereza, na pesa yake yenyewe inakiri kwamba huenda tukashindwa! Sijaona noti nyingine yenye ukweli wa namna hiyo.

Yangu imepasuka katikati ikashonwa kwa uzi mweupe. Muuzaji aliona haya kunionyesha, mimi ndiyo iliyonivuta. Wakusanyaji wengi hapa wanataka noti safi isiyokunjwa, na wanailipia sana. Wacha wailipie. Noti safi ni ile iliyolala kwenye sanduku la mtu. Hii yangu mtu aliona bado ina kazi, akachukua sindano, akapiga mishono mifupi iliyobana, wala hakugusa sahihi. Na bei yake si ya kutisha, kwa sababu zilichapwa nyingi mno.

Wingi huo ndio ulioziua. Kongresi haikuwa na uwezo wa kutoza kodi, basi kila vita vilipodai pesa ilichapa nyingine, hadi zikapita dola milioni 200. Waingereza nao, wakiwa wameushika mji wa New York, wakaghushi zao. Mwaka 1777 lilitoka tangazo gazetini kwamba msafiri anayekwenda makoloni atapewa noti za bandia kwa gharama ya karatasi tu. Siku hizi hata hizo za bandia zina wanunuzi wake. Laiti yako ingeghushiwa wakati ule, ningekuomba uniuzie! Baada ya vita, serikali ikabadilisha dola 100 za karatasi kwa dola 1 tu ya hati za deni.

Jambo moja litakufurahisha. Noti hiyo haikuahidi dola za Marekani, zilikuwa hazijakuwepo. Iliahidi riale za fedha za Uspania, ukoo wa zile zilizofika mpaka huko kwetu, wazee wakaziita reale ya mzinga kwa kuzidhania zile nguzo mbili zilizochorwa juu yake kuwa mizinga. Naitafuta moja niiweke kando ya noti yangu, ahadi na kilichoahidiwa.

Kwa hivyo nakutuma. Ukipita kwa masonara hapo Mji Mkongwe, waulize kabla hawajaziyeyusha. Ukiipata usiisugue kwa ndimu wala majivu, hata ikiwa nyeusi tititi. Ipime uzito, yenyewe inakaribia gramu 27, piga picha pande zote mbili pamoja na ukingo wake, kisha uniambie wanataka shilingi ngapi.

Wasalimie nyumbani wote, na Bi Mkubwa zaidi.

Wako,
Salim